Mkono Usioitika

Kule zahanati walibadilisha betri.
Wakafunga mkanda upya, wakabonyeza,
mashine ikavuta pumzi, ikashusha, ikaandika kosa.
Muuguzi akaipiga kofi kama redio.
Mkono wa kulia: mia na arobaini na kitu.
Wa kushoto: kosa. Kosa. Kosa.
Wakaandika "kipimo kibovu", wakampa panado.

Anaitwa Somoe Nandonde, miaka ishirini na mitatu,
msusi, kibarazani mwa duka la pembejeo, Newala.
Malipo ya korosho yakitoka, foleni yake hufika barabarani,
maana fedha ikiingia mfukoni, kichwa nacho hudai haki yake.
Ila tangu watu waanze kupuliza salfa mashambani
mkono wa kushoto umekuwa ukimwomba ruhusa:
mistari mitatu, anaushusha,
mistari miwili, anaushusha,
mteja anabaki nusu kasukwa, nusu timutimu.
Shangazi yake akasema mkono huo unaazimwa usiku,
yuko anayesukiwa nao, huko wanakokujua wenyewe.

Leo amelala kitandani kwangu, Ligula,
chumba cha pazia la kijani na feni inayosaga meno.
Nabisha hodi kwa vidole viwili, juu ya kifundo cha mkono.
Kimya.
Nabisha tena, taratibu, kama mdai asiyetaka majirani wasikie.
Mwenye nyumba yumo. Ngozi ina joto, kucha zina hina,
lakini haitiki.

Baba yangu alikuwa mtu wa bomba.
Maji ya uwanda wa juu hupandishwa kutoka bondeni,
na yasipofika ni yeye aliyetukanwa, si mlima.
Alikuwa akilala kifudifudi kandokando ya njia,
sikio juu ya chuma, kofia kifuani,
nasi watoto tunamcheka hadi machozi.
"Yakipita penye nafasi hayasemi kitu," alituambia.
"Ukisikia yanalia, ujue njia imebana."

Napaka jeli. Somoe anashtuka: "Baridi hiyo!"
Nateremsha kipimo kutoka shingoni
mpaka chini ya mtulinga, pale mshipa unapokunja kona kuelekea mkononi.
Ukuta uliopaswa kuwa mwembamba
kama utando wa korosho iliyobanguliwa
umevimba pande zote, mnene, wa kijivu,
bangili iliyovaliwa kwa ndani,
na katikati kitundu cheusi, sindano ingepita kwa kuomba radhi.
Nafungua rangi. Damu haiji na nyekundu yake moja iliyotulia,
inachanika, njano, kijani, buluu,
kanga iliyofuliwa na wenzake wasiojuana.
Nafungulia sauti.

Fyuuuu. Fyuuuu.

Baba, yanalia.

Daktari Mkwavi anakuja, anainama, hasemi upesi.
Anataka sitiskani, shina lenyewe lililotoka moyoni,
tuhesabu matawi mangapi yameguswa.
Halafu vidonge, vingi, vya muda mrefu,
vitakavyomvimbisha uso ili kuta zinywee.

"Kwa hiyo si watu?" anauliza Somoe, akitazama dari.
Namwambia si watu.
Ni walinzi wako mwenyewe, wamepoteza orodha ya maadui,
wanapiga rungu ukuta wa nyumba wanayoilinda.
Ananyamaza. Sijui kama limemfaa jibu langu;
la shangazi lilikuwa na mtu wa kumchukia.
"Nitasuka?"
Mimi ni mpiga picha tu, nasema. Nimeona njia bado ipo.
Nyembamba, lakini ipo.

Anainuka, anajifuta jeli kwa pindo la mtandio,
ananizunguka nyuma nikiwa naandika majibu,
na kidole cha mkono ule ule, wa kushoto,
kinanigusa utosini, kinashuka polepole hadi kisogoni.

"Dada, nani kakusuka?
Njia zote zimepinda."